Wosha ya Kandambili

Koki ya bafuni imeanza tangu Ijumaa:
tone. Kimya. Tone.
Nimelala nikihesabu, nimefika mia tatu na ushei,
mbwa wa kina Nachunga akabweka, hesabu ikanipotea,
nikaanza upya na moja.

Fundi Chitanda nimempigia mara nne.
"Nipo njiani, dada." Njia gani hiyo isiyo na mwisho,
katika mji huu wa Newala
ambao ukiuzunguka wote kwa miguu
chai uliyoiacha mezani haijapoa?

Basi. Jumapili nikajifunga kibwebwe,
nikaenda kwenye mita, nikafunga maji ya nyumba nzima.
Hilo ndilo la kwanza. Jirani yangu Fadina alilisahau,
akaogeshwa na ukuta wake mwenyewe
akiwa na gauni la harusini.

Nikafungua koki ili yaliyobaki yajitoe,
nikaziba tundu la sinki kwa kitambaa,
maana parafujo ikidondokea humo, ndiyo kwaheri.
Spana ni ya marehemu, aliinunulia baiskeli.
Nikaivisha tambara isichubue mng'ao.
Nati ikakataa. Nikaibembeleza. Ikakataa.
Nikaitukana kwa Kimakonde, ikalegea.

Humo ndani, chini kabisa ya uti wa shaba,
nikamkuta mkosaji:
kipira cheusi, kidogo kuliko sarafu,
kimeliwa upande mmoja kama biskuti ya mtoto.
Hiki tu!

Duka la Mchindo limefungwa, kaenda mazikoni Kitangari.
Nikatazama miguuni nikaona kandambili,
ya kushoto imekatika mkanda tangu mfungo.
Nikakata kisigino kwa wembe, nikakichana unene,
nikatoboa katikati kwa msumari wa moto,
nikapima, nikapunguza, nikapima.
Nyuzi za bomba nikazizungushia tepu nyeupe mara tano,
kufuata upande wa kukazia;
ukienda kinyume itajikunja yote, kama ulimi wa mwongo.

Bomba la mvua nalo: nusu ya matundu yamezibwa na chokaa,
yaliyobaki yanarusha maji darini, mlangoni,
kila mahali isipokuwa mgongoni kwa mwogaji.
Nikaling'oa kichwa, nikakitia kwenye mfuko wa siki
hadi adhuhuri,
nikakisugua kwa mswaki wa zamani.

Fungua mita. Bomba likakohoa, likatema kutu,
likakohoa tena, kisha maji.
Funga.
Nikasimama na kiganja chini ya mdomo wa koki
kama anayengoja chenji.
Hakuna tone.

Usiku nikalala kama gunia la korosho.
Saa nane hivi nasikia miguu inaburuta ukumbini:
mama, Bi Somoe, na tochi yake ya betri mbili.
"Maji yamekatika?"
"Hayajakatika, mama. Nimetengeneza."
"Mbona hayasemi?"

Mama huyu aliteremka bondeni giza likiwa bado nene,
akapanda mlima na mtungi kichwani, mimi mgongoni,
jua la saa nne likamkuta hajafika;
watu watano tukaoga kwa kata tatu,
na ya nne, kama ipo, ikangoja mgeni.
Siku tatu hizi, wakati mimi nalaani tone na bili,
yeye chumbani mwake alikuwa akilisikiliza
na kulala usingizi wa tajiri.

Nikamshika mkono hadi bafuni, nikafungua.
Akatia vidole viwili, akavitazama.
"Yapo," akasema, wala si kwangu.
Akarudi kitandani.

Sasa kila usiku nauacha mlango wake wazi,
nafungua koki kidogo, nahesabu hadi kumi, nafunga.
Kandambili ya kulia ipo barazani, sijaitupa.
Koki ya jikoni nayo
imeanza kunong'ona.